Glakoma: mwongozo kamili wa kupimwa mapema, kutibiwa na kuwavuta ndugu zako wapimwe

Mwenye mtoto wa jicho anaweza kusubiri. Lenzi yake imeingia ukungu na uono umefifia, lakini siku akifanyiwa upasuaji na kuwekewa lenzi bandia ataona tena. Mwenye glakoma hana nafasi hiyo. Uono ukishaliwa na glakoma haurudi, si kwa matone, si kwa leza, si kwa kisu. Matibabu yote yaliyopo yanalinda kilichobaki. Kwa hiyo mwongozo huu nauandika hasa kwa mtu anayeona vizuri leo, na zaidi kwa yule ambaye mzazi wake au ndugu yake wa tumbo moja ameshapofuka, au anatumia dawa ya kile ambacho wengi wetu tunakiita presha ya macho.

Ugonjwa wenyewe uko karibu nasi. Watafiti waliopima watu zaidi ya 3,200 wenye miaka 40 na kuendelea katika vijiji sita vya wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, walichapisha matokeo yao mwaka 2000: asilimia 4.16 walikuwa na glakoma. Chukua waumini mia moja wa umri huo katika msikiti au kanisa lako, wanne kati yao huenda wanayo, na pengine hakuna hata mmoja anayejua.

Kinachotokea ndani ya jicho

Nyuma ya duara la rangi ya jicho kuna tishu inayotengeneza maji safi usiku na mchana. Haya si machozi. Yanalisha lenzi na konea (kile kioo cha mbele), kisha yanatoka kupitia kichujio chembamba kilichopo kwenye pembe, pale konea inapokutana na duara la rangi. Kichujio kikishindwa kupitisha maji kama inavyotakiwa, presha ndani ya jicho inapanda. Neva ya jicho, yenye nyuzi takriban milioni moja zinazopeleka picha kwenye ubongo, inaanza kupoteza nyuzi zake kidogo kidogo. Presha ya kawaida ni kati ya milimita za zebaki 10 na 21.

Presha hii si ile ya damu. Kufungwa mkanda mkononi kwenye zahanati na kuambiwa uko sawa hakusemi lolote kuhusu macho yako.

Aina iliyoenea zaidi kwetu ni ya pembe wazi, yaani pembe haijaziba ila kichujio hakipitishi maji vizuri. Haiumi, haiwashi, haileti wekundu. Inaanza kula uono wa pembeni, na ubongo unaziba pengo kwa kubuni kile unachodhani kipo, kwa hiyo mgonjwa haoni giza popote. Anaendelea kusoma gazeti na kuhesabu hela vizuri kabisa, kwa sababu uono wa katikati ndio wa mwisho kuondoka. Wa kwanza kugundua mara nyingi ni watu wa nyumbani: baba anagonga fremu za milango, anakanyaga vyombo vilivyowekwa chini, anashtushwa na bodaboda iliyotokea ubavuni. Ukiona hayo kwa mtu wako, usiseme ni uzee. Mpeleke apimwe wiki hiyohiyo.

Hatua ya 1: Pima hatari yako kabla ya kupima macho

Anza na ukoo. Utafiti uliofanywa Rotterdam, Uholanzi, na kuchapishwa mwaka 1998, ulilinganisha ndugu wa wagonjwa wa glakoma na ndugu wa watu wasio nayo. Uwezekano wa kuipata maishani ulikuwa asilimia 22 kwa kundi la kwanza na asilimia 2.3 kwa la pili. Ndugu hapa ni mzazi, mtoto, kaka na dada wa damu. Nikiulizwa swali moja tu la kumuuliza mtu kuhusu macho yake, ningeuliza hili: nani kwenu alipofuka, na alipofuka vipi? Babu ambaye tuliambiwa alirogwa akapoteza macho polepole, bila maumivu, bila jeraha, huenda alikuwa na glakoma, na habari hiyo ni ya thamani kwa wajukuu wake wote.

Pili ni asili. Watu wenye asili ya Afrika wanapata glakoma ya pembe wazi mara nyingi zaidi, wanaipata wakiwa na umri mdogo zaidi, na inawapofua zaidi kuliko Wazungu. Hili linawahusu pia ndugu zetu waliohamia Ulaya, Marekani na Ghuba. Kubadilisha nchi hakubadilishi hatari hiyo.

Kisha umri wa miaka 40 na kuendelea, kutoona mbali kwa kiwango kikubwa, na jicho lililowahi kupigwa na mpira, ngumi au kijiti, hata kama ni miaka mingi iliyopita. Kisukari nacho kinaongeza hatari.

Jambo linalonisikitisha kuliko yote katika orodha hii ni steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe na muwasho, kwa sababu ni hatari tunayojinunulia wenyewe. Mtoto anawashwa macho kwa mzio, mama anakwenda duka la dawa, anapewa matone yenye deksamethasoni au betamethasoni. Muwasho unakata siku hiyohiyo. Basi kila ukirudi, chupa nyingine inanunuliwa, miezi inapita, mwaka unapita. Kwa takriban mtu mmoja kati ya watatu, steroidi za machoni zinapandisha presha ya jicho zikitumika kwa wiki kadhaa, na wachache kati yao inapanda sana. Wapo vijana wanaofika hospitali wakiwa sekondari na neva imeshakufa kwa njia hii. Soma jina lililoandikwa kwenye chupa. Ukikuta deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, usiitumie bila daktari wa macho kuiandika, kukuambia utaacha lini, na kukupangia siku ya kupimwa presha. Kama umeshaitumia kwa muda mrefu, nenda ukapimwe, mwambie daktari ukweli wote, na usiiache ghafla bila ushauri wake. Krimu za kung'arisha ngozi zenye steroidi zinazopakwa usoni karibu na macho zina hatari ya aina hiyohiyo.

Hatua ya 2: Amua lini uende, na uende wapi

Mwenye ndugu wa damu mwenye glakoma asisubiri 40. Aanze kwenye miaka ya 30, na kama ndugu huyo aliugua akiwa kijana, aanze mapema zaidi. Asiye na historia katika ukoo aanze akifika 40. Jibu likiwa zuri, rudi kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Machi ya kila mwaka kuna wiki ya glakoma duniani, na hospitali nyingi hutumia nafasi hiyo kupima watu. Sikiliza matangazo ya redio ya eneo lako.

Duka la miwani linaweza kukupima presha, na ni mwanzo mzuri, lakini kupimwa miwani pekee hakutoshi. Unaweza kusoma herufi zote za ubaoni hadi mstari wa mwisho ukiwa na glakoma iliyokomaa. Unachohitaji ni kliniki ya macho yenye mtaalamu wa kuchungulia neva. Tanzania wanapatikana KCMC Moshi, CCBRT na Muhimbili Dar es Salaam, Bugando Mwanza. Kenya kuna kitengo cha macho cha hospitali ya Kikuyu na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Uganda kuna Mulago na kituo cha Ruharo kule Mbarara, na Rwanda kuna Kabgayi. Hospitali nyingi za mikoa na kaunti nazo zina kitengo cha macho chenye uwezo wa kuanzisha uchunguzi, kwa hiyo umbali usikukatishe tamaa. Anzia karibu, kisha uombe rufaa.

Ukifika, usiseme tu "naomba kupimwa macho." Sema hivi: "Daktari, baba yangu alipofuka kwa presha ya macho, naomba kupimwa glakoma." Sentensi hiyo inabadilisha vipimo utakavyofanyiwa. Beba miwani yako, chupa za dawa zote unazotumia, na majibu ya zamani kama yapo. Nenda na mtu wa kukusindikiza, kwa sababu utatiwa matone ya kupanua mboni na utaona ukungu kwa saa kadhaa. Usiendeshe gari wala pikipiki siku hiyo.

Hatua ya 3: Elewa vipimo, ili ujue kama umepimwa kweli

Presha ya jicho hupimwa kwa kifaa kinachogusa konea iliyotiwa ganzi, au kwa kinachopuliza hewa. Hakuna maumivu. Lakini namba hiyo peke yake haitoshi, na hapa ndipo watu wengi wanarudishwa nyumbani wakiwa na furaha isiyo na msingi. Presha hupanda na kushuka ndani ya siku moja, na sehemu kubwa ya wenye glakoma wakipimwa mara moja hukutwa chini ya 21. Wapo ambao neva yao inaharibika hata presha ikiwa ya kawaida siku zote. Wapo pia wenye presha ya 24 ambao neva yao ni nzima. Unene wa konea nao unadanganya kipimo: konea nyembamba husomeka chini ya presha halisi.

Kwa hiyo kipimo cha msingi ni kuchunguza neva yenyewe. Daktari anaangalia kishimo kilicho katikati ya kichwa cha neva. Kadiri nyuzi zinavyokufa, kishimo kinapanuka. Utaona kimeandikwa kwa desimali, yaani upana wa kishimo ukilinganishwa na upana wa kichwa chote cha neva, kwa mfano 0.3 au 0.8. Namba kubwa inatia shaka, na tofauti kubwa kati ya jicho la kulia na la kushoto inatia shaka zaidi. Ziandike namba zako.

Kisha kuna kipimo cha uwanja wa kuona. Unakaa mbele ya mashine, unakazia macho nukta moja, na kubonyeza kitufe kila unapoona mwanga mdogo pembeni. Kinachosha, na cha kwanza mara nyingi hakiaminiki kwa sababu mtu bado anajifunza. Ukiambiwa ukirudie, si kwamba unapotezewa hela. Daktari anapaswa pia kukagua ile pembe ya kichujio kwa lenzi maalumu, kwa kuwa matibabu ya pembe wazi na ya pembe iliyofunga hayafanani. Hospitali kubwa zina mashine ya kupiga picha tabaka za neva, nzuri sana kwa kulinganisha mwaka hadi mwaka, ila kukosekana kwake kusikuzuie kuanza.

Kabla ya kutoka, uliza mambo matatu: presha yangu ni ngapi kila jicho, kishimo cha neva ni kiasi gani, nirudi lini. Ukikosa jibu la swali la pili, bado hujapimwa glakoma.

Hatua ya 4: Ukikutwa nayo, chagua tiba utakayoiweza kwa miaka

Lengo la kila tiba ni moja, kushusha presha hadi kiwango ambacho neva yako inaweza kukivumilia. Utafiti wa Sweden wa glakoma ya mwanzo ulionyesha kwamba kila milimita moja ya presha inayoshuka hupunguza hatari ya ugonjwa kusonga mbele kwa takriban asilimia 10. Hata kushuka kidogo kuna faida. Muulize daktari kiwango anachokilenga kwako, maana mtu mwenye neva iliyochakaa anahitaji presha ya chini zaidi kuliko anayeanza.

Matone ndiyo wengi wanayoanza nayo. Latanoprosti hutiwa mara moja tu, usiku, na hushusha presha kwa robo hadi theluthi. Inaweza kurefusha kope na kuleta wekundu. Kabla ya kufunguliwa inatakiwa ikae kwenye friji, hivyo angalia duka linavyoihifadhi, hasa katika joto la Tanga au Mombasa. Ikishafunguliwa, iandike tarehe na uitupe baada ya wiki ambazo kikaratasi chake kimeelekeza, kwa kawaida 4 hadi 6. Timololi hutiwa mara moja au mbili kwa siku na inapatikana kwa urahisi zaidi. Mwenye pumu au mapigo ya moyo ya polepole asiitumie kabla ya kumweleza daktari, kwani tone dogo la jichoni huingia kwenye damu na linaweza kubana kifua. Yapo mengine, kama dozolamidi na brimonidini, ambayo huongezwa moja lisipotosha. Brimonidini haifai kwa watoto wachanga.

Shida ya matone ni maisha yenyewe. Chupa inaisha kabla ya mshahara, duka halina, mtu haoni tofauti akiitumia wala akiiacha, basi anaiacha. Huu si uzembe wa mgonjwa. Tiba inayodai hela kila mwezi bila kumpa mtu dalili ya nafuu ni ngumu kwa yeyote. Ndiyo maana nakusihi uulize kuhusu leza mapema, usisubiri matone yashindwe.

Leza ya kufungua kichujio hufanywa ukiwa umekaa, kwa ganzi ya matone, na unarudi nyumbani siku hiyohiyo. KCMC Moshi ilifanya jaribio lililochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Lancet Global Health, likilinganisha leza hiyo na matone ya timololi kwa wagonjwa 201 wenye presha ya juu. Baada ya mwaka mmoja, matibabu yalifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza, dhidi ya asilimia 31 ya yaliyotiwa timololi. Ni ushahidi uliopatikana hapahapa, kwa watu wetu, na kwa maoni yangu ungepaswa kujulikana na kila mgonjwa wa glakoma Afrika Mashariki. Leza haidumu milele. Kwa wengi nguvu yake hupungua baada ya miaka, na huweza kurudiwa. Kwa hiyo aliyepigwa leza bado anarudi kliniki.

Hatua ya 5: Tia tone ipasavyo

Nawa mikono. Inamisha kichwa nyuma, vuta kope la chini lifanye mfuko mdogo, angalia juu, dondosha tone moja bila ncha ya chupa kugusa jicho. Moja linatosha, la pili linamwagika shavuni na kumaliza chupa mapema. Funga jicho taratibu bila kulikaza, kisha bonyeza kwa kidole pembe ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika moja hadi mbili. Kubonyeza huko kunazuia dawa isishuke kooni na kuingia kwenye damu, na ni muhimu sana kwa timololi. Una dawa mbili? Acha dakika tano katikati.

Kwa wafungaji wa Ramadhani: wanazuoni wa madhehebu ya Shafi'i, yaliyoenea pwani yetu, hawahesabu tone la jichoni kuwa linafunguza. Aliye na wasiwasi bado ana nafasi: latanoprosti baada ya futari, timololi wakati wa daku na baada ya futari. Kuacha dawa mwezi mzima ndilo jambo lisilokubalika. Na wakati wa kufuturu kunywa maji kidogo kidogo, kwa sababu lita nzima kwa mkupuo hupandisha presha ya jicho kwa muda.

Hatua ya 6: Upasuaji, bila kuuogopa na bila kuutarajia miujiza

Presha ikikataa kushuka, au mgonjwa akifika akiwa amechelewa, au akiwa anaishi mahali ambapo dawa haipatikani kwa uhakika, upasuaji ni uamuzi wa busara. Unaofanywa zaidi hufungua njia mpya ya maji kutoka chini ya kope la juu, na dawa ya kuzuia kovu hutumika kwa kuwa miili yetu huwa na tabia ya kuziba njia hiyo kwa kovu. Wengine huwekewa kijibomba cha kupitishia maji hayo.

Ujue jambo hili kabla hujasaini: hutaona vizuri zaidi baada ya upasuaji, na wiki za mwanzo unaweza kuona vibaya kidogo. Wasioambiwa hivyo hurudi kijijini wakisema hospitali imewaharibu macho, na jirani yao mwenye ugonjwa huohuo anaogopa kwenda. Ziara za miezi ya mwanzo ni sehemu ya tiba, kwa hiyo hesabu nauli zake mapema. Usisugue jicho, usibebe mizigo mizito, muulize daktari lini utaweza kusujudu au kuinama shambani. Na hata ikipita miaka mingi, siku jicho lililopasuliwa likiwa jekundu, likiuma au likitoa usaha, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Dharura mbili ambazo hazingoji miadi

Ya kwanza ni pembe kufunga ghafla: jicho moja linauma sana, ni jekundu, uono umeingia ukungu, taa zinaonekana na duara za rangi, kichwa kinapasuka na mtu anatapika. Kwa sababu ya kutapika na kichwa, wapo wanaotibiwa malaria huku jicho linapofuka ndani ya siku chache. Kituo chochote cha afya kikipokea mgonjwa wa namna hiyo kimpe rufaa ya macho mara moja.

Ya pili ni ya watoto wachanga. Mtoto mwenye macho makubwa kupita kawaida, yanayotoa machozi muda wote, anayekimbia mwanga na kuficha uso, au mwenye konea iliyofifia kama maziwa, anaweza kuwa amezaliwa na glakoma. Macho makubwa yanasifiwa na kila mgeni, na miezi inapotea. Tiba yake ni upasuaji wa haraka.

Dawa za kienyeji zinazotiwa jichoni, na chupa zinazouzwa mtandaoni kwa ahadi ya kuondoa glakoma kabisa, ziache zote. Bangi nayo hushusha presha kwa saa tatu au nne tu, kisha presha inarudi pale ilipokuwa.

Hatua ya 7: Waite ndugu zako

Ukishaambiwa una glakoma, orodhesha kaka na dada zako wote wa damu, watoto wako, na wazazi kama wapo hai. Usitume ujumbe wa jumla kwenye kundi la familia la WhatsApp na kungoja, hakuna atakayekwenda. Mpigie mmoja mmoja: "Kaka, nimekutwa na presha ya macho. Sikuwa na dalili yoyote. Daktari anasema wewe na mimi tuna hatari ileile. Unakwenda lini kupimwa?" Ngoja akutajie siku. Siku hiyo ikifika, mpigie tena umuulize presha yake na kishimo cha neva yake ni ngapi. Kaka mkubwa anaogopa? Msindikize mwenyewe, na siku yako ya kliniki iwe ndiyo siku yake ya kupimwa. Wanao wakiwa bado wadogo, andika ugonjwa huu kwenye kumbukumbu zao za afya pamoja na umri uliokutwa nao, ili wakifika utu uzima waweze kumjibu daktari atakapowauliza nani kwenu alikuwa na glakoma.